Maneno Mawili ya Pembeni: Historia ya Mama Tekusa, Mnakili wa Aleksandria

Wazee wa kusanyiko, majirani, wanakili wenzake, nanyi wana wa mzee Dositheo mliosimama mlangoni, ingieni ndani jamani, nafasi ipo, marehemu asingependa mchomwe na jua kwa ajili yake, mimi Pasioni, mkwewe, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama alivyoagiza, pamoja na kosa lake.

Mama Tekusa alizaliwa tarehe 14 ya mwezi wa Tibi, mwaka wa kumi wa Kaisari Antonino, hapahapa mtaani Rakoti, mtoto pekee wa mnakili Horioni, ambaye kwa kukosa mwana wa kiume alimfundisha binti herufi, watu wakamcheka, kisha wakaja wenyewe kumpa kazi. Shule yake ilikuwa baraza la jirani, mzee Dositheo, mtunza magombo wa nyumba ya sala ya Wayahudi, maana kwake yalikuwako Maandiko ya Kiebrania ambayo wazee wa taifa lake waliyatafsiri kwa Kiyunani zamani za wafalme wa hapa Misri, na Horioni aliyanakili kutoka hapo kwa ajili ya kusanyiko letu. Tusidanganyane, nani kati yetu anajua hata herufi moja ya Kiebrania? Musa na manabii tumewajua kwa Kiyunani, na ni katika Kiyunani hicho walimu wetu walimwona Kristo kila ukurasa, hata imani yetu imejifunza kusema kwa maneno ambayo babu zake Dositheo waliumiza vichwa kuyachagua.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na sita, macho ya baba yakiwa yamefifia, akapewa kunakili kitabu cha zaburi cha baba huyo, akakuta pembeni mwa mstari unaotangaza ufalme wa Bwana maneno mawili kwa mwandiko mdogo wa Horioni, "kutoka mtini". Wanakili mnajua, neno lililorukwa huandikwa pembeni, na anayefuata hulirudisha mahali pake, basi Tekusa akayarudisha, akaona amemsitiri baba. Nakala ile ikapendwa, ikazaa nyingine, ikapanda Nailo hadi makusanyiko ya mbali, watu wakiimba kwamba Bwana alitawala kutoka mtini, yaani msalabani, na wakilia kwa furaha.

Tarehe 6 Pakoni, mwaka wa nane wa Kaisari Marko, aliolewa na Sotasi mfinyanzi, wakajaliwa watoto wawili, Heraidi, mke wangu, na Kopre, kisha tauni ikamchukua Sotasi, na kalamu ya mama ndiyo iliyowalisha.

Mwezi wa Mekiri, mwaka wa ishirini na nne wa Kaisari Komodo, ukihesabiwa tangu baba yake Marko, mwalimu wetu Potamoni alihubiri kwamba Wayahudi wameyakata maneno yale, "kutoka mtini", kwenye magombo yao kwa wivu, na kesho yake vijana wetu, nasema wetu, wakauvunja mlango wa Dositheo wakipiga kelele, "Wezi wa maneno!" Mzee akaja kwa Tekusa, akamwuliza, "Mwanangu, magombo yale unayafungua tangu una meno ya utoto, ni wapi palipokwaruzwa?" Mama akakitoa kitabu cha baba sandukuni, akakisoma chote, na lo, kila baada ya kurasa chache, pembeni, kwa mwandiko uleule, alikuta "huyu ni mfalme wetu", "hapa nililia", maneno aliyoyapita ujanani bila kuyawaza, na sasa akaelewa kwamba hata "kutoka mtini" ilikuwa furaha ya Horioni akisoma, wala hapakuwa na neno lililorukwa.

Sifa yake yote ya kazi ilisimama juu ya nakala ile, naye alijua, na Heraidi alimsihi, "Mama, nyamaza, tutakula nini?" Akajibu, "Dengu. Tumezizoea." Siku ya Bwana akasimama na kitabu mkononi, hakumung'unya maneno, "Hawakukata kitu. Niliongeza mimi." Potamoni akafoka, "Unatunyang'anya msalaba, mama?" Naye, "Msalaba upo palepale, mwalimu, ninachoondoa ni kosa langu."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini wateja humkimbia, na kwa miaka miwili hakupata kazi, akaitumia kuandikia kila kusanyiko barua, wachache wakasahihisha, wengi wakakataa, hata sisi hapa bado tunayaimba maneno yale. Dositheo alimfungulia magombo hadi mzee huyo alipofariki, naye mama akazisahihisha zaburi zote, na kila tulipoimba zaburi ile aliimba kwa sauti kuu, akifika pale ananyamaza, kisha anaendelea, nasi tulimcheka, Mungu atusamehe.

Alianza kuugua kifua Mekiri mwaka huu, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Pauni, mwaka wa tisa wa Kaisari Severo, akiwa na miaka hamsini na minne, ameacha watoto wawili na wajukuu wanne. Tunamshukuru tabibu Harpokrationi, Trifaina binti Dositheo aliyeleta uji wa shayiri kila asubuhi, na wanakili waliommalizia kurasa zake bila kuombwa.

Sasa mzee Potamoni, aliyeomba mwenyewe, atatuongoza katika zaburi ile, na tukifika kwenye maneno yale mawili, familia inawaomba, nyamazeni. Lala kwa amani, mama, leo hunyamazi peke yako.