Kikao Bila Siwa

Kwenye kona moja ya mtaa wa Rhonda, kando ya jiko la kahawa la Nerima, kuna benchi ambalo mtu hakai ovyo ovyo. Katikati hukaa Makhanu, fundi wa baiskeli, anayeitwa Spika kwa vile mambo ya bunge ameyakariri yote, hata yale asiyoulizwa. Elphas, yaani Kiranja, na Kang'ethe, yaani Hansadi, hawafungui mdomo kabla hajagonga benchi na spana. Asubuhi hiyo walikuwa wakibishana juu ya mswada wa kaunti wa kuondoa majiko ya makaa barabarani.

— Mheshimiwa Spika, hiyo kitu haiwezi pita, alisema Kiranja.

— Kuna hatua, Spika alijibu. Ya kwanza inasomwa kichwa tu. Kamati inakuja kuuliza wananchi. Ya pili wanabishana, ya tatu wanapitisha, ndio gavana aweke sahihi.

— Na mvua ikinyesha? aliuliza Hansadi. Kura ni ya sauti, na mabati inapiga kelele. Sheria ya mvua si sheria!

— Wacha mvua! Spika alisema. Ukikohoa wakati wa kura, umehesabiwa umesema ndio. Umewahi ona mheshimiwa akikohoa?

Nerima alicheka, akaongeza tangawizi kwenye birika.

— Mimi hata sina wasiwasi. Singeweza kuacha jiko, ndio nikawatuma nyinyi kwa hiyo kamati mniombee.

Makhanu akainamia kikombe. Tangu siku ya kikao cha kamati alikuwa hawezi kumtazama huyu mama machoni.

Mara akafika Mercyline, anayekaanga viazi vya chipo pale steji, aproni bado kiunoni.

— Nerima, imepita! Wamesoma ya tatu jana. Sisi wa chipo tumeachwa tutumie gesi, sababu nilisimama mbele ya kamati nikawaomba. Ya kahawa hakuna mtu alitaja.

Akageukia benchi.

— Kwani nyinyi wazee mlienda wapi?

Hansadi, ambaye hukumbuka kila kitu, aliangalia viatu. Siku ya kamati walitoka nje! Makhanu alikuwa ametafuta siwa, lile rungu la dhahabu la bunge, asiione popote kwenye ukumbi wa kanisa kulikofanyika kikao. Akasimama, akapaza sauti: "Bila siwa hakuna kikao!" Akawatoa wenzake nje kama upinzani kwenye runinga, wakapigiana makofi langoni wakidhani wamevunja mkutano. Jioni ndipo akaambiwa kamati haihitaji siwa, na ndani watu waliendelea kutoa maoni. Aibu ilimchoma mpaka masikio.

— Makhanu, mliniombea aje? Nerima aliuliza. Leo hakumwita Spika.

Makhanu aliichomeka spana mfukoni.

Nerima akainua birika, likiwa bado zito, akamwaga kahawa yote juu ya makaa. Jivu liliruka likatua magotini mwao, na hakuna aliyejipangusa.