Mafuta ya Kupanda

Sogeeni, wanangu. Osmani, weka chini hiyo spana, leo hakuna kinachotengenezwa, leo nasema mimi baba yenu. Yudelkis, kaa hapa kitandani, tumbo hilo halitaki kusimama. Umeme umekatika na feni imenyamaza, afadhali, maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana hata na feni.

Nyumba gawaneni. Osmani, chumba cha mbele kiwe cha dada yako kwa sababu hakivuji na yeye ana mtoto njiani, cha nyuma kiwe chako. Kisha kuna Dorotea, huyo aliyeegeshwa mlangoni, gari la babu yenu ambalo limetulisha kwa kubeba abiria hapa Santiago ya Kuba tangu mimi sijaota ndevu. Wageni wakija hulipiga picha, wanasema ni gari la kale. Kale gani? Injini ilitoka kwenye pampu ya shamba la miwa, gia ni za Kirusi, na cha babu yenu kilichobaki ni milango na honi. Mama yenu Caridad, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia, "Evelio, mke wako yuko nje kule, mimi humu mpangaji tu." Alikuwa akicheka. Siku aliyouza cherehani yake tukanunua tairi, hakucheka.

Basi sikilizeni jinsi maskini anavyotunza gari. Usihangaike na kinachopiga kelele, hangaika na kinachonyamaza: mlango ukilia uache ulie, hauui mtu, lakini breki hazilii, zinangoja. Rangi msinunue kamwe nyumbani mkiwa na sufuria tupu. Usifungue kitu kabla hujajua utarudishia nini. Na fundi akikwambia "tufungue kwanza tuone", mpe kahawa, mshukuru, muage. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeziba nyufa miaka yote mpaka ukuta umekuwa viraka vitupu, na bado unaanguka.

Osmani, uliniambia breki ziko salama. Mimi nimelala, mwanangu, pua yangu haijalala. Ulipopita mlangoni ulinuka shampuu. Umeichanganya na spiriti ukaimimina penye mafuta ya breki, kama wanavyofanya mtaa mzima, na sikugombezi kwa sababu madukani hayapo. Lakini shampuu hula mipira ya breki, na kwenye mteremko huu wetu wa Tivolí gari lenye shampuu halisimami, linakwenda kuoga baharini na abiria wake. Dada yako kupanda hospitali ataweza. Kurudi, na mtoto mikononi, ndiko kunakotaka breki.

Mlikuwa mkiulizana kwa nini mzee hataki mfagie uvunguni. Kuna chupa humo, ndani ya kiatu changu cha harusi, mafuta ya breki ya kweli aliyoyatuma shangazi yenu kutoka ng'ambo. Kamimineni hayo. Mipira mipya anayo Fermín peke yake, huichonga kwa matairi mabovu ya malori. Ndiyo, Fermín huyo huyo aliyeniuzia silinda hedi yenye ufa akaipaka rangi nisiuone, na siku niliporudi kwake akaniambia, "Compadre, rafiki yangu, ulitaka nzima au ulitaka rahisi?" Sijamsamehe, na sasa sina muda wa kuanza. Nendeni kwake hata hivyo. Moyo wake mbovu, mkono wake mzima.

Tangu jana mnasema mnipakie twende hospitali. Hapana. Kwenye tangi mna mafuta ya kupanda huko safari moja tu, na katika foleni ya kituo cha mafuta walio mbele yangu wengine wameshakufa, nafasi zao bado zinashikwa na watoto wao. Safari hiyo ni ya Yudelkis. Usilie, mama. Sikudanganyi kwamba mambo yatakuwa mazuri, mimi siyaoni yakiwa mazuri. Osmani, najua unataka kumuuza Dorotea upate nauli uondoke, na sikukatazi, ila utamuuzia nani? Wanunuzi ndio waliotangulia kuondoka. Mimi nimetengeneza gari ili lifanye kazi, likafanya kazi ili nilitengeneze, na humo katikati sioni mahali tulipofika. Inaniuma. Inaniuma kuliko hiki kifua.

Gari la maiti la mji halina matairi, mnalijua. Kwa hiyo toeni viti vya nyuma mnilaze ndani ya Dorotea, lakini injini msiiwashe. Usiwashe, Osmani, hata majirani wakisema unaniaibisha. Nisukumeni mpaka kona, baada ya hapo mlima utanichukua. Wanaume washike kamba kwa nyuma, na Fermín atembee kando ya tairi na gogo la kulizuia, awe utingo wangu. Mwambieni hapo nitakuwa nimemsamehe nusu. Nusu tu.

Nipeni maji... Yatosha. Bikira Maria wa Cobre awafunike, mkono wa mmoja usimwache mwenzake. Mtoto msimpe jina langu, mpeni la mtu aliyewahi kufika mahali. Ufunguo uko hapa shingoni... uvueni sasa, ungali na joto. Hospitali iko juu, wanangu. Makaburi yako chini. Mafuta ni ya kupanda. Kuteremka... kuteremka nitakwenda mwenyewe.