Falaniko, Aliyeomba Kuzikwa Nyuma ya Jiko

Marehemu Mzee Falaniko Ulugia alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 katika kijiji cha Fagasolo, kisiwani Savaii, Samoa, mtoto wa pili na wa mwisho wa Iakopo na Talai. Kaka yake aliitwa Lemeki, na tukitaka kusema kweli mbele ya jeneza hili, maisha ya Mzee hayasimuliki bila Lemeki.

Alisoma shule ya mchungaji hapahapa kijijini. Jumapili, tarehe 8 Septemba 1957, mama yao alikuwa hoi kwa homa, hali chochote, akasema labda supu ya samaki ingepita. Siku ya Bwana hakuna anayetia mguu baharini. Lemeki akachukua mkuki.

"Kaka, leo Jumapili!"

"Basi niombee, mtakatifu wewe. Narudi sasa hivi."

Wimbi lilimbeba pale mwambani, na maiti yake ikaokotwa ufukweni. Mchungaji wa wakati ule alikataza kengele isipigwe. Wafu wetu hulala mbele ya nyumba, lakini Lemeki alifukiwa nyuma ya jiko, bila wimbo. Kisha mchungaji akawaonyesha watoto mawe ya tanuri la chakula, mekundu kwa moto. "Huko aliko yule," akasema, "haya ni baridi." Falaniko aliingiwa na hofu ambayo haikumtoka tena.

Alijifunza useremala mjini Apia, akarudi mwaka 1964, akawa fundi wa majeneza wa kijiji kizima. Waliofanya kazi naye wanakumbuka alivyokuwa akiinamia kila jeneza kabla ya kulitoa, akinong'ona: "Ukimkuta Lemeki huko, mwambie namuulizia."

Tarehe 15 Juni 1968 alifunga ndoa na Sinapati. Kwetu wanaume ndio wapishi wa ndizi kwenye tanuri la mawe alfajiri ya Jumapili. Yeye, mawe yakianza tu kuwa mekundu, huyoo, keshafika barabarani! Mashemeji walicheka hadi machozi. "Mwanamume mzima unakimbia ndizi?" Sinapati alimtania miaka yote, lakini tanuri aliliwasha mwenyewe.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, na mwaka jana mguu ukakatwa. Hapo hofu ikawa wazi kwetu sote. Hakupata usingizi bila kushikwa mkono. Alimuuliza mchungaji wetu wa sasa, "Nikienda juu nikamkosa kaka yangu, hiyo itakuwa mbingu gani? Na nikimfuata aliko... naogopa moto, mchungaji. Naogopa sana."

"Mzee, ufunguo hakupewa mtu kama mimi," mchungaji akasema.

Sinapati ndiye aliyeng'aka, akimgeukia mumewe. "Baba Uelese, Petro ameandika kwamba Bwana alikwenda kuwahubiria roho waliokaa kifungoni. Unadhani alikwenda kutalii?"

Mzee alicheka. Tulikuwa hatujakisikia kicheko chake kwa muda mrefu. Halafu akaushika tena mkono wa Sinapati. "Na kama Lemeki hakusikia? Masikio yake yalijaa maji."

Siku chache baadaye akasema, "Nizikeni nyuma ya jiko, kando yake. Wafu watakapofufuka, nataka niwe nimeshamshika mkono kabla hajaitwa. Wakimwambia apite kushoto, waniambie na mimi."

"Na moto je, Baba Uelese?" Sinapati akamuuliza.

"Nitakuwa naogopa," alisema. "Lakini simwachi."

Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Februari 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sinapati.

Ndiyo maana leo tumesimama nyuma ya jiko. Ameacha mjane, Sinapati. Watoto, Uelese na Mareta. Na wajukuu sita. Uelese amechimba kaburi hili karibu kabisa na lile la zamani, hakubakiza hata ukuta wa udongo katikati. Kengele itapigwa mara mbili, na ya kwanza ni ya Lemeki.

Walale bila hofu, Falaniko na kaka yake, na atakayewaamsha awaite pamoja.