Mlango wa Dada Kahawa

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kinyozi na cha Fundi Kufuli. Mwaka wa tisa huu Dada Kahawa anatumiminia kahawa, nasi tunamimina maneno. Jana alituambia saratani ya titi imerudi na kesho yake anaanza dawa mpya ya dripu. Roho zilituuma, na sisi roho zikituuma huwa tunabishana.

— Nesi kanieleza hivi, — alisema Dada Kahawa. — Kingamwili, wale askari wa mwili, wametengenezwa maabara wakabebeshwa dawa kali. Wanatafuta seli yenye alama ya saratani, wanaingia, na dawa inafunguka humo humo ndani.

— Hiyo kazi yangu kabisa, — alisema Kifurushi, anayepeleka mizigo kwa pikipiki. — Unaangalia rangi ya geti, unagonga, unakabidhi.

— Wewe? Kufuli zangu kumi na mbili ulimpelekea fundi viatu, — alisema Fundi Kufuli.

— Mageti yalifanana, kaka.

— Ndiyo maana nesi kasema nywele zinaweza kunyonyoka, — alisema Dada Kahawa. — Dawa nyingine inapotea njia.

— Shida ni ufunguo, — Fundi Kufuli alidakia. — Wangeniita mimi maabara, ningechonga ufunguo wa kila saratani kabla ya mchana.

— Mimi ningewafungia king'ora. Askari akikosea nyumba, kinalia mpaka daktari aje mbio, — alisema Kifurushi.

Nikaona nisipitwe.

— Hizo seli ni za kunyolewa tu. Seli nzuri zote zinyolewe mtindo mmoja, mgeni ajulikane.

Dada Kahawa alicheka mpaka birika likamtikisika mkononi. Kisha akaliweka chini.

— Nimeambiwa nisiende peke yangu. Naogopa, jamani. Nani atanipitia asubuhi?

— Mimi, — tulijibu wote watatu kwa pamoja.

— Haya. Mlango wangu una rangi gani?

Kifurushi aliangalia pikipiki yake. Fundi Kufuli alipuliza kikombe ambacho kilishakuwa kitupu. Miaka tisa tunakunywa kahawa ya mtu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika kwake. Niliona aibu, nasema kweli.

Dada Kahawa alikusanya vikombe, akampa Kifurushi birika abebe.

— Kahawa imeisha, — alisema. — Nifuateni mkauone huo mlango.