Neno Alilolitafuta Winifred

Waheshimiwa mapadri, ndugu, majirani na marafiki mliopanda hadi hapa nyumbani Rebero kutufariji, familia imempa Peace, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma historia hii, naye anaisoma kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha waliyokulia ukimbizini, na ingawa shemeji Eustache ameomba iwe fupi, Peace hajui kufupisha kwa lugha yoyote.

Winifred Gahongayire alizaliwa tarehe 3 Juni 1963 huko Ngara, Tanzania, na tunalitaja jina lake mapema kwa sababu tangazo mlilolisikia redioni juzi halikulitaja, lilisema tu kwamba amefariki mjane wa marehemu Clovis Bigirimana, hata baadhi yenu mkapiga simu kuuliza ni nani aliyekufa.

Alianza shule ya msingi Ngara mwaka 1971, akasoma sekondari Bukoba, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1985 hadi 1988, na mwaka 1990 akaenda Ujerumani, ambako alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti mpaka akapata udaktari mwaka 1996, na huko ndiko alikokutana na neno lililomla maisha yake, neno la watu wa kale ambao lugha yao ilizaa lugha nyingi za Ulaya, Uajemi na India. Watu hao hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi, kwa hiyo wataalamu huwaketisha pamoja watoto wa neno, vidua la Kilatini, vidhava la Kisanskriti, vdova la Kirusi, na veuve la Kifaransa ambalo wengi wenu mnalijua, wakalinganisha sauti kwa sauti hadi wamkisie mzazi wao, kitu kama widhewa, na mbele yake huweka nyota, maana yake hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa, linajulikana kwa watoto wake tu. Neno hilo maana yake ni mjane.

Alirudi nyumbani Rwanda mwaka 1997, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika chuo kimoja hapa Kigali, ambako wakubwa walimwuliza Mnyarwanda ana shida gani na mababu wa Wazungu, na Wazungu nao wakamjibu kwamba makala yake ni nzuri ila wangependelea aandike juu ya Kinyarwanda, akakosa huku na kule. Hakuacha, kwani kuna jambo lilimkera, kwamba mjane ana mashahidi kutoka India hadi Ireland, lakini mgane hana neno lake mwenyewe la kale, jina lake liliazimwa baadaye kutoka kwa mwanamke, kana kwamba mwanamume akifiwa hana haja ya kubadilishiwa jina.

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na Clovis, aliyekulia Bujumbura na kufanya kazi wizarani Kacyiru, wakampata Natacha mwaka 2000, na Clovis alimpenda kweli, kila jioni alimwuliza neno limefika wapi kama mtu anavyouliza habari za ng'ombe. Clovis alifariki tarehe 9 Oktoba 2011. Akufukuzaye hakwambii toka, kwa hiyo matanga yalipokwisha Eustache, kaka yake Clovis, alikuja na wazee na kreti ya fanta kuuliza kama nyumba hii si kubwa mno kwa wanawake wawili, Winifred akajibu kwamba inamtosha, sheria ikawa upande wake, na tangu siku hiyo Eustache hakumwita tena kwa jina, akawa mjane wa kaka yetu, harusini, vikaoni, hata mbele ya macho yake. Mara ya kwanza Winifred alicheka, akasema amelitafuta neno hilo zaidi ya miaka ishirini na sasa limemfuata nyumbani, lakini mara zilizofuata Peace alikuwepo na hakuona kicheko.

Mwezi Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, akiwa ameomba jambo moja tu, msalaba wake uandikwe Winifred Gahongayire bila neno mbele wala nyuma. Msalaba mmeuona hapo nje, umeandikwa Mjane wa Clovis Bigirimana, na Natacha alipokwenda jana kuomba ubadilishwe, Eustache alimwambia, "Rangi imeshakauka, na watu iko wanajua ni nani."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi hapa, wenzake wa chuoni ambao leo wamekumbuka kuisifu kazi yake, na shemeji Eustache kwa mahema, kwa viti na kwa tangazo. Mtakapofika makaburini tunawaomba mlitamke jina lake kwa sauti, maana na yeye sasa amewekewa nyota, pale atakapolala jina lake halikuandikwa, na linajulikana kwa mtoto wake tu. Natacha, simama watu wakuone. Winifred Gahongayire, pumzika kwa amani.