Bampa ya Theuri

Ati, "Cucu, wewe jua sufuria yako, bampa niachie." Injinia ndiye alimwambia Cucu Watiri hivyo, pale kwa benchi ya kahawa ya Beth, mtaa wa Skuta. Injinia hushona viatu, lakini kwa mdomo ametengeneza hata ndege. Bampa ya pikapu ya Theuri ilikuwa imelazwa kwa gunia, imepinda kama mgonjwa ameshika tumbo. Kando yake Gikonyo, kakake Theuri, ameshika nyundo. Hao wawili ni wajukuu wa Cucu. Gikonyo ndiye aligonga kalvati ile siku ya mvua akikimbiza Wangui, bibi ya Theuri, hospitali. Wangui hakufika. Baada ya mazishi Theuri alienda Mwea, na huu ni mwezi wa tatu hashiki simu ya ndugu yake. Gikonyo amejiambia bampa ikinyooka, Theuri atarudi.

— Paka sabuni, Cucu akasema. Washa moto chini. Sabuni ikigeuka nyeusi, alumini imelainika, unanyoosha pole pole. Sufuria zangu zote nimenyoosha hivyo.

— Wee Cucu, bampa si ya kupika githeri! Injinia akadakia. Gikonyo, gonga hivyo baridi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo samaki ilishakunjwa, akasema OCS, yaani Khisa, polisi mstaafu. Tuifunge kwa mti, tuvute na trekta.

— Na mti ikingʼoka? Cucu akauliza.

— Tumepata kuni. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Basi tuipeleke juu mlimani, Injinia akasema. Ikilala kwa barafu wiki moja, inajinyoosha yenyewe, kama mzee akiamka.

Gikonyo hakungoja. Akagonga moja, mbili. Ya tatu bampa ikalia kaa! Ikapasuka katikati. Injinia akaangalia kando.

Mwalimu Nasirumbi, mpangaji mgeni, alikuwa amesimama na kikombe yake.

— Poleni. Lakini huyo Theuri, aliwahi kuulizia hiyo bampa?

Cucu, mwenye huweka ugomvi zote za boma kichwani, akatafuta siku Theuri alitaja gari. Hakuipata. Miezi tatu ni bampa, bampa, na jina ya Wangui hakuna mtu ametamka. Gikonyo akafunika uso na mikono, akalia.

— Mwalimu, Cucu akasema, si unaenda Mwea Jumamosi kuchukua mchele? Theuri yuko huko kwa mashine ya mpunga, uliza tu. Gari usitaje. Mwambie ndugu yake anamlilia Wangui. Nakuomba, mfikishie.