Mama King'ora na Gari la Viti Viwili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, endelea na sufuria yako. Kama umejinyoosha baada ya kazi, usiinuke. Niazime sikio tu. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyetutoka mwezi uliopita. Wengi wenu hamkumjua kwa sura. Lakini huenda aliwahi kukubeba wewe, au kumbeba mtu wako, siku ambayo hukuwa na nafasi ya kumtazama usoni.

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana, akaiacha akiwa na mvi. Wenzake walimwita Mama King'ora. Jina likamfuata hadi mtaani, mpaka watoto wa majirani wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Mumewe ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani, chumba cha mbele, meza ya kukatia nguo ikiwa chini ya dirisha. Si mtu wa maneno mengi. Nilipokwenda kumpa pole alinikaribisha kiti, akalitazama koti langu, akasema, "Kifungo cha pili hicho kinataka kukuaga." Akatia uzi kwenye sindano, akakishona nikiwa nimelivaa. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza.

Nilimuuliza kuhusu gari. Maana huwezi kumtaja Mama King'ora usilitaje lile gari.

Lilikuwa gari la spoti la zamani. Viti viwili, pua ndefu, paa la turubai. Alilikuta nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa akihama. Kuku walikuwa wanalala kwenye kiti cha abiria. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, ukikaa ndani unaona majani chini ya miguu yako. Mama King'ora akalizunguka, akalipapasa, akasema hili nalichukua.

"Nilimuuliza, mtoto wetu atakaa wapi?" mumewe aliniambia. "Akanijibu, mtoto ana kwake."

Kweli, mtoto wao wa pekee, wa kike, alikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, anaishi mbali kidogo. Naye alishangaa. Akamuuliza mama yake, umri huu gari la spoti la nini? Mama akamwambia, "Mwanangu, maisha yangu yote nimeendesha na haraka ya mtu mwingine. Nataka kuendesha bila haraka ya mtu yeyote."

Basi kazi ikaanza, pale pale nyumbani, kwenye kibanda kilichoungana na ukuta wa jiko. Siku zake za mapumziko ukimtafuta unaiona miguu tu, mwili uko chini ya gari. Jirani mchomeleaji alimsaidia kuweka bati jipya la sakafu. Mengine alifanya mwenyewe. Nyaya alizibadilisha moja moja. Kabureta aliifungulia juu ya meza ya kulia chakula, akatandaza magazeti, na fundi cherehani wetu ikabidi awe anakula kwenye meza yake ya kazi, katikati ya suruali za watu.

Vijana wa mtaa walikuwa wanapita na ushauri. Weka injini kubwa, Mama. Weka eksozi inayonguruma. Yeye alianza na breki. Alitaka kutoa zile za zamani za mbele na kuweka za diski. Akawaambia, "Kwanza lijue kusimama. Kukimbia litajifunza baadaye." Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amewatoa watu wengi kwenye magari yaliyoshindwa kusimama, na habari hizo alikuwa hazileti nyumbani.

Wasikilizaji wapendwa, ni wakati huo, gari likiwa limeinuliwa juu ya vigingi vya chuma, breki za mbele zimeshatolewa, ndipo macho yake yalipoanza kumwacha.

Ilikuwa presha ya macho, nayo haiumi. Inaanza kula pembeni, na wewe unadhani bado unaona kila kitu. Siku moja alikuwa anarudi kituoni, nyuma hakuna mgonjwa. Kushoto kwake alikuwepo mtu wa baiskeli. Mwenzake aliyekaa kando yake akapiga kelele. Mama King'ora akakanyaga breki, baiskeli ikapita, yule mtu akaenda zake bila hata kugeuka.

Huyo mwenzake ndiye aliyetusimulia siku ya mazishi. Alisema Mama King'ora alizima gari, akashuka, akazunguka upande wa pili, akamwekea ufunguo mkononi.

"Nikamwambia, lakini hukumgonga. Akaniambia, sikumgonga, lakini sikumwona. Endesha wewe."

Hakushika tena usukani. Nasema tena: tangu siku ile, Mama King'ora hakuendesha tena. Daktari alimweleza ukweli bila kuupaka sukari. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitafuata. Kikafuata, kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia.

Watu wengi walimfahamu kwa ucheshi wake. Mimi naomba leo tusizipite zile siku nyingine haraka haraka. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kutwa nzima. Redio aliomba izimwe. Kibandani hakukanyaga. Gari likabaki juu ya vigingi, vumbi juu ya vumbi. Bintiye alikuwa anakuja kila mwisho wa wiki.

"Mama alikuwa ananijibu ndiyo, hapana, asante," bintiye aliniambia. "Mama yangu, ambaye alikuwa hakosi la kusema. Nikamwambia baba, hili gari liondoke hapa. Nilidhani likiondoka moyo wake utapoa. Baba akanyamaza. Mimi nikajua amekubali."

Baba hakuwa amekubali. Alikwenda kibandani, akalivua gari lile paa lake la turubai lililochanika, akalitandaza mezani, akalifanya kielelezo. Akakata turubai jipya. Akashona. Alipomaliza alimshika mkewe mkono, akampeleka chumba cha mbele, akaweka viganja vyake juu ya kitambaa.

Bintiye alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya kufuta. Haya ndiyo aliyoyasikia.

Mama alipapasa, akapapasa, vidole vikasimama. "Huu mshono umeuweka wapi?"

"Hapo ulipo mkono wako."

"Fundi, mvua ikinyesha maji yote yataingia shingoni kwa dereva."

"Basi nionyeshe mahali pake."

"Nikuonyesheje na mimi sioni?"

"Nionyeshe kwa kidole changu."

Kisha Mama King'ora akakishika kidole cha mumewe, akakipitisha juu ya turubai, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. "Hapa," akasema. "Halafu hapa. Halafu unakunja. Umeelewa, au nimeolewa na mtu wa suruali tu?"

Bintiye hadi leo anaamini baba yake alikosea makusudi. Nilimuuliza mzee mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nilikosea kweli. Maisha yangu yote nimeshona suruali. Paa sijawahi."

Kuanzia hapo wakawa wawili chini ya gari. Mzee alikuwa macho, mama alikuwa mikono. Mzee hakujua tofauti ya boliti na nati, akajifunza. Mama alijifunza kuvipanga vifaa kwenye kitambaa ambacho mumewe alikishonea mifuko, kila spana na mfuko wake, kwa ukubwa, ili mkono ukienda usipotee.

Zile breki za diski wakazifunga. Na mnajua, breki ikishafungwa lazima hewa itolewe kwenye mirija, la sivyo ukikanyaga pedali unakanyaga sifongo. Mzee alikaa ndani, mama akachuchumaa kwenye gurudumu, vidole viwili vimeushika mrija wa plastiki.

"Kanyaga. Shikilia hapo hapo. Haya, achia." Kisha tena. "Kanyaga. Bado, kuna povu linapita." Alikuwa analihisi povu kwa vidole. Mzee aliposhuka kutazama, maji ya breki yakamwagikia suruali ya mteja ambayo mzee alikuwa ameivaa ili kuipima urefu. Ikabidi amshonee mteja huyo nyingine mpya.

Lakini haikuwa vicheko kila siku. Kuna siku alitupa spana ikagonga ukuta. Kuna siku alikaa sakafuni katikati ya kazi akasema, "Leo siwezi." Mzee hakumbembeleza. Alikaa chini karibu naye, bega kwa bega, mpaka jua likahama mlangoni. Kesho yake wakaanza pale pale walipoachia.

Gari likakamilika. Fundi wa karakana ya magari ya wagonjwa, rafiki wa siku nyingi, akaja kukagua kila nati kabla halijashushwa chini. Akaridhika. Likabaki swali moja. Binti akalisema waziwazi mezani: "Mama haoni. Baba hajawahi kuendesha. Mimi sipo. Hili gari ni la nani?"

Mzee akaweka kijiko chini. "Nitajifunza."

Akajifunza, wasikilizaji, mtu wa umri wake. Mtihani wa kwanza alianguka, kwa sababu alisimama katikati ya barabara akimngoja njiwa amalize kudonoa. Mwalimu wake wa kweli alikuwa mkewe. Jumamosi bintiye alilipeleka gari hadi uwanja wa shule yake, wao wakaingia, mama kwenye kiti cha abiria, mikono mapajani, uso umetazama mbele.

"Umechelewa gia," anamwambia. "Linalalamika hilo. Tia ya tatu." Halafu, "Usipigane na klachi. Si adui yako."

Alipopata leseni wakatoka barabarani. Wanafungua paa. Mama anauliza, "Kuna nini upande wangu?" Na mzee, kwa kuwa ni fundi cherehani, anamsimulia dunia kwa nguo zake. "Kuna dada wa gauni la kijani, pindo limeshuka upande mmoja. Kuna bwana wa suti, mabega si yake, ameazima." Mama anacheka hadi anashika tumbo. Majirani wanasema walikuwa wanavisikia vile vicheko kabla ya kuisikia injini.

Walipata muda huo. Haukuwa mrefu.

Asubuhi moja mwezi uliopita, Mama King'ora aliamka na maumivu ya kifua. Yeye aliyajua maumivu yale. Alikuwa amewasikia watu wengi wakiyaeleza nyuma ya kiti chake. Mzee akapiga simu, akaambiwa magari yote yako nje, wasubiri. Mama akasema, "Toa letu."

Mzee alinisimulia akitazama cherehani yake, si mimi.

"Ufunguo haukuingia. Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyenituliza. Akaniambia, Fundi, usikimbie. Mgonjwa hapendi kurushwarushwa. Akawa ananitajia gia kama siku zote. Ya pili. Ya tatu. Hapa punguza, kuna tuta. Njia ile aliijua kuliko nyumba yetu. Tulipofika darajani, akanyamaza."

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Niliendelea. Nilibadilisha gia mwenyewe mpaka mlangoni."

Madereva waliokuwa langoni walimtambua kabla gari halijasimama. Walimbeba wenyewe. Madaktari wakamrudishia fahamu. Bintiye akawahi, akakaa naye jioni ile, wakazungumza. Alimwuliza mama anataka nini. Mama akataka achanwe nywele. Akachanwa. Alfajiri akafariki. Mumewe na bintiye walikuwa pembeni yake.

Wasikilizaji wapendwa, mzee alirudi nyumbani kwa miguu. Gari alilipita kwenye maegesho ya hospitali kama halioni, ufunguo ukiwa bado ndani yake. Mazishi yakapita, wageni wakaondoka, gari likabaki kule. Wale madereva walilifunga paa mvua ilipotishia, na kila zamu mmoja wao alilipiga moto kidogo, betri isife. Hawakumuuliza shemeji yao lini atalichukua.

Juzi bintiye akamwambia, "Baba, twende." Wakaenda. Binti akakaa kwenye usukani. Mzee akabaki amesimama nje ya mlango wa abiria, muda mrefu. Kisha akaingia, akaketi mahali ambapo hajawahi kuketi tangu gari lile lianze kutembea.

"Binti yangu alipoliwasha," aliniambia, "niliisikia injini mgongoni. Inapita kwenye kiti, inapanda hadi shingoni. Gia ikichelewa unaijua kabla sikio halijajua. Muda wote nilikuwa najiuliza anajuaje. Sikuwahi kukaa pale nikamuuliza."

Akageukia kazi yake, akakata uzi.

Kwa mzee wetu, fundi cherehani: pole sana, baba. Kwa binti yake, mwalimu: pole, dada yangu, sisi wa kituo hiki tunalia pamoja nawe. Kwa madereva wote wa magari ya wagonjwa, mliompoteza mwenzenu na mwalimu wenu, poleni.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi dogo. Huenda nyumbani kwako yupo mtu aliyekuwa na kazi aliyoipenda, akaiacha njiani. Macho, au miguu, au moyo umemkatalia. Usimwambie ajipe moyo. Nenda pale alipoachia, ukakae naye, uishike kazi hata kama huijui, hata kama utakosea mshono. Na siku moja, angali hai, mwombe mbadilishane viti.

Mama King'ora, pumzika. Umetubeba vya kutosha.